Mteremko wa Mara Moja

Juzi mpwa wangu alisimama mbele ya ile picha iliyo juu ya kaunta ya studio, akaitazama kwa muda mrefu kuliko kawaida yake, kisha akauliza, "Mjomba, huyu anaanguka?" Nilikuwa nikifuta vumbi kwenye lenzi, kazi ambayo kila mpigapicha wa Dodoma anaifahamu vizuri majira haya ya kipupwe, na kitambaa kikabaki mkononi bila mimi kumjibu.

Hakuwa anaanguka. Alikuwa akishuka kwa skii, vile vipande viwili virefu na vyembamba vinavyofungwa miguuni kutelezea juu ya theluji, katika milima ya Lyngen, kaskazini mwa Norwei, mwezi Machi wa ule mwaka niliokaa Tromsø, mji wa huko huko kaskazini. Tulivuka kwa feri asubuhi na mapema, mimi, mwenyeji wangu aliyetaka kupigwa picha, na rafiki yake ambaye kazi yake ni kuongoza watu milimani. Hapo tulipokwenda hakuna mtambo wa kumpandisha mtu. Anayetaka kushuka hupanda kwanza kwa nguvu zake, akiwa amebandika chini ya skii vitambaa virefu vyenye manyoya yaliyolala upande mmoja, ambayo huruhusu skii kuteleza kwenda mbele na kuizuia isirudi nyuma. Zamani ilikuwa ngozi ya sili. Siku hizi ni nailoni au manyoya ya mbuzi wa Angora, jambo ambalo nadhani wafugaji wa kwetu wangelipokea kwa heshima. Mimi nisiyejua skii nilivaa viatu vipana vya kutembelea thelujini na kuwafuata nikihema.

Kila mmoja wetu alifungwa kifuani redio ndogo inayotoa mawimbi mfululizo, ili atakayefukiwa na maporomoko ya theluji aweze kutafutwa na wenzake. Kiongozi aliniagiza niweke simu na kamera mbali nayo, kwa sababu vifaa vya umeme huivuruga. Baadaye alichimba shimo, akachunguza matabaka ya theluji kwa vidole, akasema kwamba kileleni hatutafika. Mteremko uliokuwa mbele yetu ulizidi nyuzi 30, na maporomoko mengi huanzia kwenye miteremko ya kati ya nyuzi 30 na 45. Hakuna aliyebishana naye. Tulielekea kwenye bonde la pembeni lililolala zaidi, ambako theluji ilikuwa bado haijaguswa na mtu.

Hapo ndipo nilipoelewa ugumu wa kazi niliyoikubali. Katika harusi zetu, bibi harusi akirusha shada vibaya, MC humwomba arudie, na ukumbi hupiga vigelegele kana kwamba ndiyo mara ya kwanza. Theluji mpya hairudiwi. Mtu akishapita, alama zake zimebaki, na hata nyayo za mpigapicha huharibu picha. Kwa hiyo nilizunguka mbali, nikapanda kwenye kigongo cha pembeni ambacho kiongozi alikuwa amekikubali, nikapiga goti. Betri ya akiba niliificha ndani ya shati, kwa kuwa baridi huzimaliza upesi. Kisha nikakutana na tatizo nililolijua tangu nyumbani: kipimo cha mwanga cha kamera hudhani kila kinachokiona ni cha kijivu, na ukikiamini, gauni la bibi harusi hutoka kama limefuliwa kwa maji ya dimbwi. Nikaongeza mwanga hatua moja na nusu juu ya kile kamera ilichotaka.

Jua la kule mwezi Machi hukaa chini hata saa sita mchana, wakati ambao hapa Dodoma kivuli hujificha chini ya miguu na hakuna mwenye akili anayepiga picha nje. Mwanga ulikuja kutoka ubavuni, kila kituta cha theluji kikawa na kivuli chake cha buluu, na nyuma ya yote ilionekana bahari. Niliinua mkono. Mwenyeji wangu alijiachia kutoka juu, koti lake jekundu likakua haraka ndani ya lenzi, na alipofika mbele yangu aliinama kuelekea mlimani kiasi kwamba kiganja chake kiligusa theluji, nayo ikaruka juu ya bega lake na kusimama hewani dhidi ya jua. Nilisikia mlio wa kamera na pumzi yake, basi. Alikuwa ameshapita.

Tuliteremka, na kabla ya kuingia kwenye joto la kibanda nilifunga kamera ndani ya mfuko wa plastiki ili unyevu usigande kwenye lenzi. Siku chache baadaye nilimpelekea picha zote. Hakuichagua hii. Alichagua ile ambayo nilibofya bila kufikiri wakati wa kupanda, ambamo yeye na kiongozi wameinama wakisukuma hatua, nyuso hazionekani, na hata mstari wa upeo umepinda. Hiyo ndiyo aliyoichapisha kubwa na kuitundika sebuleni. Nilimwambia kwa adabu kwamba ya kushuka ni bora. Akajibu kwamba kushuka kulichukua dakika chache tu. Nimelitafakari jibu lake mara nyingi, na bado naona alichagua vibaya.