Nilivyofundisha ufupisho kwa kuanzia na kichocho cha mtoni kwetu

Ninafundisha Kiswahili katika skuli moja ya sekondari ya Wilaya ya Wete, Pemba, na kwa miaka mingi nilifundisha ufupisho kama nilivyofundishwa mwenyewe: mwanafunzi hupewa habari ya maneno 300, huambiwa aifupishe kwa maneno yasiyozidi 80, nami husahihisha kwa kuhesabu maneno na kutafuta hoja nilizokwisha kuziandika pembeni. Alama walizipata, lakini nilipowauliza baada ya wiki moja habari ile ilihusu nini, wengi hawakuwa na jibu. Walikuwa wamejifunza kukata maneno, si kukielewa alichokisema mwandishi.

Mwaka jana, nikiwa na Kidato cha Tatu chenye wanafunzi 52, niliamua ufupisho uanze na tatizo wanaloliona kwa macho yao na umalizike kwa pendekezo litakalopelekwa kwa mtu mwenye uwezo wa kulitekeleza. Tatizo walilichagua wenyewe. Chini ya skuli yetu unapita mto mdogo ambamo akina mama hufua nguo na wavulana huoga wakitoka mpirani, na kila mwaka hukosi kusikia mtoto aliyekojoa damu. Msichana mmoja aliuliza: "Mwalimu, kama dawa tunapewa na tunakunywa, mbona kichocho hakiishi?" Swali lake nililiandika juu kabisa ya ubao, na kwa wiki sita hakuna aliyeruhusiwa kulifuta.

Tulitumia vyanzo vinne: sura ya kitabu cha Bayolojia, kipeperushi cha kituo cha afya, mazungumzo ambayo wanafunzi waliyaandika kutoka kwa akina mama wanaofua mtoni, na matokeo ya utafiti mkubwa uliofanywa Unguja na Pemba baina ya mwaka 2011 na 2017, ambayo niliyafasiri mwenyewe usiku baada ya isha, kwa kuwa yalichapishwa kwa Kiingereza. Niliwaeleza pia kwamba kisiwani kwetu, pale Wawi, Chake Chake, ipo Maabara ya Afya ya Jamii Ivo de Carneri, iliyofunguliwa mwaka 2000, ili wajue kwamba elimu ya maradhi haya haitoki ng'ambo peke yake.

Ufupisho wa mwanzo ulikuwa ni sentensi za kitabu zilizonakiliwa moja baada ya moja. Nikabadilisha utaratibu: mwanafunzi asome, afunge kitabu, amsimulie mwenzake kwa mdomo kama anavyomsimulia bibi yake nyumbani, kisha ndipo aandike, na mwisho afungue kitabu ahakikishe hakumsingizia mwandishi. Hatua ya kusimulia ndiyo iliyoleta mabadiliko ya haraka, kwa sababu huwezi kumsimulia mtu jambo ambalo hukulielewa bila ya yeye kukugundua.

Tatizo zito zaidi lilijitokeza tulipofika kwenye mapendekezo. Kipeperushi kilieleza kwamba dawa ya prazikwanteli huua minyoo iliyokwisha kukomaa mwilini, lakini haimkingi mtu asiambukizwe tena akirudi kwenye maji yenye vimelea. Kundi moja lilifupisha hivi: "Dawa huua minyoo ya kichocho." Pendekezo lao likawa: "Serikali iongeze dawa." Niliyaandika yote mawili ubaoni, nikawauliza ni neno gani la kipeperushi ambalo likirudishwa, pendekezo lile halisimami tena. Darasa lilinyamaza kwa muda mrefu, na mimi nilijizuia nisiwasaidie. Hatimaye msichana yule yule mwenye swali akasema: "Lakini." Tangu siku ile, kabla ya kukata chochote, tulizungushia kalamu nyekundu maneno yanayobeba masharti: lakini, isipokuwa, iwapo, peke yake, baadhi, baada ya. Ninaamini kwa dhati kwamba hapa ndipo ufundishaji wetu wa ufupisho umekuwa ukikosea, kwa sababu tunamsifu mwanafunzi kwa ufupi hata pale alipolitupa neno ambalo ndilo lililokuwa roho ya habari.

Utafiti ule ndio uliotuchukulia muda mwingi kuliko vyote. Ulihusisha shehia 45 za Unguja na 45 za Pemba, zikagawanywa mafungu matatu: zote zilipewa dawa mara mbili kwa mwaka, fungu la pili likaongezewa kazi ya kuua konokono wanaobeba vimelea, na la tatu likaongezewa elimu ya kubadili tabia, pamoja na mahali pa kufulia na vyoo vya kukojolea. Mwishoni maradhi yalikuwa yamepungua, lakini haikuthibitika kwamba nyongeza zile zilileta tofauti ya wazi kuliko dawa peke yake. Mwanafunzi mmoja hodari akafupisha: "Kuua konokono na kuelimisha watu hakufai." Nilitumia vipindi viwili kwa sentensi ile moja. Niliwauliza: wakulima watatu wakilima bonde moja katika msimu wa mvua nzuri, na mmoja wao akaongeza samadi, wote wakavuna vizuri bila ya tofauti kubwa, je, tuseme samadi haifai? Wakabishana, na ubishi wenyewe ulikuwa wa maana. Ufupisho tuliokubaliana mwishoni ulikuwa mrefu kidogo kuliko ule wa kwanza, nami sikumkata mtu alama kwa urefu huo.

Mazungumzo ya akina mama yalinigusa kwa namna nyengine, kwa kuwa mama yangu mzazi naye alifua mtoni maisha yake yote. Mvulana mmoja aliyafupisha kwa kuandika kwamba akina mama hawana elimu ya kichocho. Nilimwomba anioneshe sentensi iliyosema hivyo katika daftari lake mwenyewe, akaitafuta asiipate. Walichokisema ni kwamba maradhi wanayajua vizuri, lakini maji ya bomba hutoka usiku wa manane na hayatoki kila siku, na nguo za watoto haziwezi kungoja. Pendekezo la "waelimishwe" likafutwa, na badala yake likaandikwa pendekezo la tangi na sakafu ya kufulia karibu na nyumba. Mvulana yule alilifuta kwa mkono wake.

Kitabu cha Bayolojia tulikimaliza haraka, isipokuwa jambo moja: viluwiluwi vya kichocho vikishatoka kwenye konokono haviishi zaidi ya siku mbili visipompata mtu. Kwa hiyo maji yaliyotekwa mtoni bila ya konokono, yakafunikwa na kuachwa siku mbili kamili, huweza kuogewa bila ya hofu ya kichocho. Kundi lililolishika jambo hili liliandika kwa furaha: "Maji yakikaa ni salama." Kalamu nyekundu ikatoka tena, kwa kuwa hawakutaja siku ngapi wala salama kwa kazi gani, na maji hayo bado yana maradhi mengine kwa mwenye kuyanywa.

Barua yetu ilikuwa ya ukurasa mmoja, na kila pendekezo lilieleza limetoka katika chanzo kipi, nani alitekeleze na kipi kinaweza kulikwamisha. Wanafunzi watano walimpelekea sheha baada ya sala ya alasiri. Aliisoma yote, kisha akauliza: "Wanangu, nani kakwambieni kama dawa haikingi?" Msichana wa "lakini" akamjibu kwa adabu, akamtajia kipeperushi na kumweleza maneno yake bila ya kuongeza wala kupunguza. Sheha akaahidi kulipeleka suala la sakafu ya kufulia katika kikao cha shehia, na huko bado linajadiliwa.

Jambo dogo zaidi lilikuwa mikononi mwetu. Kando ya uwanja wa mpira yamewekwa mapipa mawili yenye vifuniko, ambayo wavulana huyajaza Alkhamisi kwa ajili ya mechi ya Jumamosi, wakiteka kwa ndoo ya kamba kutoka darajani bila ya mtu kutia mguu majini, na kuangalia kila ndoo isiwe na konokono. Juu ya kila kifuniko wameandika kwa rangi nyekundu: "Yakae siku mbili. Ya kuoga tu, si ya kunywa."