Jinsi Nilivyojifunza Kutunza Mtaji wa Poka

Mtaji wangu wa kwanza wa poka uliisha katika mgawo mmoja wa karata, na hadi leo naamini kwamba karata zile nilizicheza inavyotakiwa. Nilikuwa nikicheza Texas Hold'em, aina ya poka ambayo kila mchezaji hupewa karata mbili za siri, kisha karata tano za wote hufunuliwa katikati ya meza. Nilishika ree mbili, jozi ambayo mchezaji huipata kwa wastani mara moja katika migawo 221, na mwenzangu alishika wafalme wawili. Fedha zetu zote zilikuwa zimekwisha kuwekwa mezani kabla ya karata hata moja ya katikati kufunuliwa. Mwenye ree hushinda takriban mara 82 katika 100, lakini safari ile mfalme wa tatu alifunuliwa, nami nikainuka mikono mitupu.

Kwa wiki kadhaa niliilaumu bahati. Ilinichukua muda kukiri kwamba kosa lilitangulia mgawo ule: baada ya miezi minane ya kushinda kwenye meza za dau dogo, nilikuwa nimepanda meza ambayo kiingilio chake kililingana na karibu akiba yangu yote. Mtu anayeweza kushindwa mara 18 katika 100 hata akiwa na karata bora kuliko zote hapaswi kuwa na kitu chake chote mezani, na jambo hilo sikuwa nimelifikiria hata siku moja.

Kilichonizindua ni maisha ya Stu Ungar, mchezaji wa poka wa Marekani. Alitwaa ubingwa wa shindano kuu la World Series of Poker, mashindano makubwa ya poka ya kila mwaka, huko Las Vegas mwaka 1980, akautetea mwaka 1981, kisha akarudi mwaka 1997 na kuutwaa mara ya tatu pamoja na zawadi ya dola milioni 1. Kiingilio cha shindano hilo ni dola 10,000, na mwaka huo alilipiwa na mtu mwingine kwa makubaliano ya kugawana ushindi. Novemba 1998 alifariki akiwa na umri wa miaka 45, fedha zile zikiwa zimekwisha, kwani dawa za kulevya na kamari nyingine zilikuwa zimezila. Nilihuzunika sana kusoma habari zake, kwa sababu wengi wanamhesabu kuwa mwenye kipaji kikubwa kuliko wote waliowahi kuucheza mchezo huu. Doyle Brunson, bingwa wa shindano hilohilo mwaka 1976 na 1977, aliendelea kukaa mezani na wachezaji wakubwa hadi uzeeni, na alifariki mwaka 2023 akiwa na miaka 89. Nilitaka kazi inayofanana na ya Brunson, hata kama ingekuwa ndogo mara elfu.

Nikaanza upya kwa dau la chini kabisa. Fedha za poka nilizitenga na fedha za matumizi, nikajiwekea sharti la kutoingia meza ambayo kiingilio chake kinazidi sehemu moja ya mia ya mtaji, na mtaji ukipungua nashuka meza bila kujibishana na nafsi yangu. Kushuka ndiko kulikonitesa zaidi, maana mtu huona kama amevuliwa cheo. Mara mbili nililivunja sharti hilo, na mara zote mbili nilijuta kabla hata ya usiku kwisha.

Daftari lilinisaidia kuliko kitu kingine chochote. Kila nilipotia fedha nyingi niliandika sababu, si matokeo. Kwa mfano, nikiwa na karata nne za kopa huku karata mbili zikisubiri kufunuliwa, kopa tisa zimebaki kati ya karata 47 nisizoziona, na nafasi ya kuipata ya tano, ili nitimize karata tano za alama moja ambazo ni mkono wenye nguvu, ni takriban asilimia 35. Basi swali ni kama fedha zilizoko mezani zinatosha kulipia hatari hiyo. Niliandika pia kila kiingilio nilicholipa, jambo ambalo wengi hawalifanyi. Daniel Negreanu, mchezaji maarufu wa poka kutoka Kanada ambaye hutangaza hesabu zake hadharani, mwaka 2017 alikusanya zawadi za zaidi ya dola milioni 2.7 na bado akafunga mwaka kwa hasara ya takriban dola 86,000, kwa kuwa viingilio vilizidi zawadi. Anayesoma orodha za zawadi peke yake hawezi kuiona hasara hiyo.

Sasa ni mwaka wa tatu tangu nianze upya, na sijaongeza hata senti kutoka mfukoni. Kazi yangu ya mshahara bado sijaiacha, kwa sababu anayeishi kwa poka huuchota mtaji kila mwezi, uwe mwezi wa ushindi au wa kushindwa. Nimeamua kwamba nitaiacha nitakapokuwa na akiba ya matumizi ya mwaka mzima iliyo kando kabisa na mtaji, na hadi sasa nimefikisha miezi saba.