Mass Effect na usajili wake wa mara 3

Gemu ya Mass Effect ya kompyuta ilitoka mwaka 2008 ikiwa na SecuROM, kinga dhidi ya nakala za wizi: nakala moja, kuisajili mtandaoni kwenye kompyuta mara 3 tu. Mpango wa awali ulikuwa mbaya zaidi, gemu ijihakiki mtandaoni kila siku 10. Wachezaji wakapiga kelele, ukafutwa. Mwenye nakala ya wizi, wala hakuguswa!

Kinga hii huitambua kompyuta kwa vifaa vyake, hivyo ukibadilisha mazabodi (bodi kuu ya kompyuta) huenda ukahesabiwa una mashine mpya. Kuifuta gemu peke yake hakukurudisha nafasi iliyotumika. Baadaye EA, kampuni iliyoitoa gemu hiyo, ilitoa programu ndogo ya kuondoa usajili. Iendeshe kabla ya kufomati diski au kugusa vifaa, mashine ikiwa bado inatambulika.