Eti vijana wa Mtwara wavivu?

Kila mwaka ikifika mwezi wa kumi mabosi wa huku wanaanza wimbo uleule, vibarua hakuna, vijana wa kusini wavivu, bora tulete watu kutoka Dar. Mi nina karakana ndogo ya kuchomelea mageti na grili hapa mjini, watu kuadimika nakujua vizuri tu, ila uvivu hapana jamani. Mwezi wa kumi hadi wa kumi na mbili korosho zinaanguka, dogo yuko kwao Tandahimba au Newala anaokota na mama ake, na korosho haimsubiri mtu, ikilala chini ikanyeshewa inashuka daraja na mnadani bei yake ndo basi tena. Sasa aache shamba la kwao aje kukushikia grainda kwa hela ya kula? Hata mi nisingekuja.

Subiri mwezi wa tatu hela ya korosho ikishakata, wanakuja wenyewe hadi unawakimbia. Mwezi wa sita wanapungua tena, wako kwenye kupuliza salfa, dawa ya mikorosho. Ndo maana oda kubwa nazipangia mwanzoni mwa mwaka, msimu ukianza nabaki na mafundi wangu wa kudumu maisha yanaenda.

Ufundi wenyewe sasa, hapo nakubali pana shida. 2015 bomba la gesi la kwenda Dar lilikamilika na kiwanda cha saruji cha Dangote kikaanza, watu tukasema madogo waende VETA wakasome. Wamesoma, dogo anakuja na cheti chake, chuma kikiwa mezani anachomea vizuri kabisa, mpandishe juu ya ngazi achomee bomba lililosimama wima uone anavyotetemeka. Simlaumu, rodi na umeme wa kujifunzia ni hela, na huko kwenye makampuni tangazo linataka uzoefu wa miaka kadhaa, akautoe wapi kama kila mtu anamkataa kwa sababu hana?

Kinachoniuma zaidi ni kubangua. Korosho zetu nyingi zinapanda meli ghafi kwenda India na Vietnam, zinaondoka na ajira za mama zetu, wakati korosho ikikaushwa vizuri inakaa ghalani miezi kibao, yaani kubangua ni kazi ya huohuo mwezi wa tatu ambao watu hawana pa kushika. Viwanda vya kubangulia tulijengewa toka enzi za Mwalimu, vingi vikaishia kuwa maghala, afu mtu anakwambia tatizo ni uvivu.