Trauti wa Aberdare na nailoni iliyooza

Duka lililotukodisha fimbo za kuvulia jijini Nairobi lilitutoza amana na kodi ya siku nzima, kisha likatupa uzi wa nailoni uliokwisha kufa. Hilo liliniuma kuliko baridi ya Kinangop, chini ya milima ya Aberdare, tulikokwenda kuvua trauti, samaki wa maji baridi, na baridi ya kule asubuhi si ya mchezo: watoto wavae sweta mbili, na soksi za akiba zikae garini.

Bwawa la Sasumua liko karibu na Njabini. Unaiacha barabara ya Nakuru mahali panapoitwa Flyover. Maji yake ni ya kunywa, hivyo ruhusa ya kuingia iombwe kabla ya kusafiri. Kibali cha uvuvi ni karatasi nyingine yenye malipo yake, na msituni utalipia tena, kila mtu chake. Ukiwa na watoto watatu, hesabu inapanda haraka.

Fimbo ya nzi bandia, yaani ndoana iliyofungwa manyoya ifanane na mdudu, hurusha uzito wa mshipi, si wa chambo. Mshipi ni mnene na una rangi; mbele yake hufungwa nailoni nyembamba ya kama mita 2.7, ambayo unene wake hupungua hadi karibu milimita 0.18, na mwisho kabisa hufungwa nzi. Trauti wa kwanza alimshika nzi wa mke wangu karibu na mahali kijito kinapoingilia bwawani. Fimbo ikapinda, ikanyooka, samaki akaenda zake. Tukaitazama ncha. Fundo likifunguka, nailoni hubaki imejikunja kama mkia wa nguruwe. Yetu ilikuwa imenyooka na kukatika kavu. Nailoni yenyewe ilikuwa imeoza.

Jua la dirisha la duka ndilo huila. Kwa macho huoni kitu, kwa hiyo ijaribu kabla hujalipa: kata kipande cha sentimita 30, piga fundo moja la kawaida katikati, ukivute polepole kwa mikono miwili. Iliyo nzima hunyumbuka kwanza. Iliyooza hukatika papo hapo. Ile ya pili tuliyopewa nayo ilikatika mkononi.

Mzee aliyekuwa akivua mbali kidogo alituona tukihangaika, akaja na kibiringo chake.

“Chukueni hii, wanangu. Hiyo yenu haifai hata kufungia kuni.”

“Asante, mzee. Tukulipe ngapi?”

“Mlipe nini? Mtoto avue.”

Alimfundisha binti yetu fundo akiwa amechuchumaa naye kwenye nyasi. Pitisha uzi kwenye tundu la ndoana, uuzungushe mara tano kuuzunguka uzi mkuu, urudishe ncha kwenye kitanzi kilicho jirani na tundu. Kabla ya kukaza, lilowanishe kwa mate. Likikazwa kavu, msuguano huichoma nailoni na kuidhoofisha palepale penye fundo. Kisha akachukua koleo na kubana kijino kilicho nyuma ya ncha ya kila ndoana ili ikimchoma mtoto itoke kwa urahisi. Miwani kila mtu avae, hata anayetazama tu.

Kufikia saa tano upepo ulikuwa ukituvamia kutoka kulia. Kwa anayerusha kwa mkono wa kulia huo ni upepo mbaya, maana humrudisha nzi usoni. Dawa yake ni kuhamia ukingo ambao upepo unatokea kushoto. Tulihama, lakini jua lilishapanda na trauti walikuwa wameshuka kwenye kina. Bwawa halikutupa kitu.

Mchana tulishika barabara ya kwenda Thika hadi mto Gatamaiyu, ndani ya msitu wa kusini mwa Aberdare. Trauti si mwenyeji wa milima hii. Wa kwanza waliletwa kutoka Uskoti na kuwekwa katika mto Gura mwaka 1905, wakadumu kwa sababu maji ya juu ni baridi na yana hewa nyingi. Maji yakipita nyuzi 20 huanza kutaabika. Miti ikikatwa ukingoni, jua hulipiga maji na udongo huziba changarawe wanakotagia. Mtaani kwetu bomba hutoa maji kwa zamu, na sehemu ya maji ya Nairobi hutoka Sasumua. Anayekata msitu huu anatukatia maji jikoni.

Mtoni trauti huelekeza kichwa kule maji yanakotoka. Mwendee kutoka nyuma, uiname, kivuli chako kisiguse maji. Binti alirusha nzi mweusi aitwaye Kenya Bug, ndoana namba 12, mbele ya jiwe upande maji yanakotoka, akamwacha ashuke nayo. Mshipi uliposita, akainua fimbo. Hapo wengi hukosea kwa kuvuta kwa nguvu. Samaki akikimbia, achia mshipi, akitulia, vuta. Fimbo ibaki juu, wavu uwe ndani ya maji, umwongoze kichwa kwanza. Trauti wake alikuwa na mstari wa waridi ubavuni na urefu wa kiganja na nusu, na binti akamrudisha kwa mikono iliyolowa, kwani mikono mikavu humbandua ute unaomkinga na maradhi.

Wawili wakubwa tuliwaweka. Magamba yao ni madogo mno, huna haja ya kuyaparua. Pasua kutoka tundu la haja hadi kooni, toa utumbo, kisha kwa ukucha kwangua damu nyeusi iliyoshikana na uti wa mgongo, maana hiyo ndiyo huchacha mapema. Chumvi, ndimu, moto wa makaa usio na ndimi. Nyama ikianza kuachia mfupa, epua.