Nilivyomfundisha mbwa wetu kukaa kwa vipande vya maini

Hapa Rau, Moshi, mbwa wa nyumbani kwa kawaida hufungiwa bandani mchana na kufunguliwa usiku ili alinde, na majirani wengi huamini kwamba asiyeonja fimbo hatii. Kwa Simba, mbwa wetu wa kienyeji aliyekuwa akiwarukia wageni na kuchomoka kila geti lilipofunguliwa, nilichagua njia nyingine.

Nilianza na kukaa. Nilichemsha maini ya ng'ombe bila chumvi, nikayakata vipande vidogo kama punje za maharage, kwa kuwa mbwa akishashiba hana haja na somo. Nilishika kipande karibu na pua yake, nikakipitisha polepole juu ya kichwa kuelekea nyuma. Alipoinua pua kukifuata, makalio yalishuka yenyewe, na papo hapo nikasema "vema" na kumpa. Amri ya "kaa" niliiongeza baadaye, alipokwisha kukizoea kitendo. Kazi yote imo katika hiyo papo hapo, kwa sababu ukichelewa sekunde chache tu naye akawa ameinuka, utakuwa umemtuza kwa kuinuka. Wakufunzi wa shirika la APOPO kule Morogoro, wanaowafundisha panya buku kunusa mabomu yaliyotegwa ardhini, hutumia mlio mfupi kumjulisha panya kwamba amepatia, kisha ndipo humpa chakula. "Vema" yangu ilifanya kazi hiyo hiyo.

Kuacha kuwarukia wageni kulichukua muda mrefu zaidi, na ugumu ulikuwa kwa watu kuliko kwa mbwa. Nilimwomba kila aliyeingia ageuke, ampe mgongo na kunyamaza mpaka miguu yote minne iwe chini, ndipo amsalimie. Watoto walielewa upesi, lakini shemeji yangu aliendelea kumsukuma na kumkaripia, jambo ambalo kwa mbwa kijana ni mchezo mtamu.

"Shemeji, wewe mpe mgongo tu."

"Nimpe mgongo mbwa? Aning'ate?"

Getini hapakuhitajika maini, kwani malipo yalikuwa geti lenyewe: akikaa linafunguliwa, akiinuka linafungwa.

Siku hizi maini humpa mara moja moja, bila mpangilio anaoweza kuubashiri, na bado anatii. Kwa mbuzi wa jirani, hata hivyo, sijapata nyama ya kushindana nao, kwa hiyo tukipita upande ule namfunga kamba.