Radi ya Matondoni

Mwezi wa tano, masika yamekolea, radi iliupiga mnazi nyuma ya nyumba ya ami yangu kule Matondoni, Lamu. Asubuhi akanipigia simu: inveta ya sola haiwaki. Nilipoifungua, bodi ilikuwa nyeusi kama tako la chungu, lehemu imeyeyuka na kuganda vitone vitone. Paneli hazikuguswa. Umeme uliruka ukaingia kupitia nyaya.

Ami akauangalia mnazi uliopasuka, akaniuliza, "Mwanangu, nguvu zote hizi, hamwezi kuzikamata mkatutilia kwenye betri?"

Tukakaa barazani, nikatoa simu tupige hesabu. Radi moja ina takriban jouli bilioni 1, yaani yuniti 280 hivi. Ami hutumia yuniti 3 kwa siku, kwa hivyo hiyo ni miezi mitatu tu, tena kama ingekamatwa yote. Nayo haikamatiki: sehemu kubwa huishia hewani, ikiipasha moto hadi nyuzi 30,000 hivi, na hewa hiyo ikitanuka ghafla ndipo tunaposikia ngurumo na kuleta tasbihi. Kinachobaki hushuka kwa kufumba na kufumbua, mahali usipopajua. Betri gani itameza hivyo? Nikamwambia, "Ami, paneli zako mbili za wati 300 hukupa radi nzima kila miezi mitatu, kimya kimya."

Kuiongoza radi, hilo nalitumaini sana. Mwaka 2021, juu ya mlima Säntis huko Uswisi, Aurélien Houard na wenzake walirusha leza angani kando ya mnara wa mita 124, na radi moja ikaifuata leza hiyo kwa mita 50 hivi. Niliposoma habari hiyo nilisisimka, kwa sababu ndiyo kazi yangu kila siku, ila mimi nina fimbo ya shaba, inayozikwa ardhini ili umeme wa radi ushukie humo.

Na fimbo haitaki haraka. Mchanga wetu ukiwa mkavu haupitishi umeme vizuri, na mafundi wengi huichomeka futi mbili wakaondoka. Inanikera sana, maana nyumbani mna watoto. Tulichimba mpaka mchanga ukashikana mkononi, tukachimba tena mpaka maji ya chumvichumvi yakaanza kuchuruzika. Hapo ndipo nikagonga fimbo. Kipimo cha upinzani wa ardhi kikasoma omu 8, na kadiri namba inavyopungua ndivyo umeme unavyoshuka kwa urahisi.

Ami akanishika bega. "Na chuoni kwa watoto?"

Jumamosi tunapeleka fimbo ya pili.